Historia ya moduli za kerneli, na asubuhi saiba ya senje ilipokatika intaneti

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini leo nimerudi na kisa pamoja na historia, na vyote viwili vinahusu kitu kimoja: moduli ya kerneli.

Nianze na kisa. Senje wangu, yaani dada yake baba, ana saiba ndogo upande wa Lurambi hapa Kakamega, si mbali na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ana kompyuta nne za mitumba na zote zinatumia Linux. Mimi ndiye niliyemshawishi miaka miwili iliyopita, baada ya virusi kutoka kwenye flashi za wanafunzi kumchosha. Kompyuta hizo hazina Wi-Fi ndani, kwa hiyo kila moja ina kijiti cha Wi-Fi cha USB, vile vidogo vinavyouzwa barabarani kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Asubuhi moja, kabla sijamaliza chai, simu ikalia.

"Mwanangu, intaneti imekufa kwa kompyuta zote. Rauta inawaka, simu yangu inashika Wi-Fi vizuri, lakini hizi kompyuta zako hazioni kitu."

Neno "zako" lilinichoma. Siku hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya wanafunzi kutuma maombi fulani, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kwa senje hiyo ni siku inayolipa kodi ya mwezi mzima. Kwa mwanafunzi aliye kwenye foleni, ni mwaka mzima wa maisha yake.

"Umebadilisha nini, senje?"

"Sijagusa kitu. Jana jioni zilisema kuna masasisho, nikabonyeza ndiyo kama ulivyonifundisha."

Hapo nikajua. Nilimwambia achomeke simu yake kwenye kompyuta moja kwa waya wa kuchajia, kisha awashe ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Dakika haikuisha, kompyuta ile ikawa hewani. Kisha nikamwongoza kwenye zile tatu: zima, washa, shika kitufe cha Shift mpaka menyu ya GRUB itokee, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua kerneli ya zamani, ile yenye namba 6.8, si ile ya 6.14. Zikawaka moja baada ya nyingine, na vijiti vya Wi-Fi vikaanza kumetameta kama kawaida. Foleni ikasogea.

Jioni nilipanda boda nikaenda kumalizia kazi. Senje akaniwekea chai, halafu akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Kijiti ni kile kile na kiko pale pale. Kwa nini jana kilifanya kazi na leo kimekataa?" La pili: "Na kwa nini simu yangu, ambayo haijawahi kuchomekwa kwenye hiyo kompyuta tangu inunuliwe, ilikubaliwa papo hapo?"

Nilianza kujibu kwa dakika mbili nikashindwa. Ukweli ni kwamba majibu yake yana zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo, senje, na wewe msomaji, haya ndiyo majibu.

KERNELI NI NINI HASA?

Kerneli ni ile programu inayokaa katikati ya chuma na programu nyingine zote. Kivinjari chako hakijui lolote kuhusu kijiti cha Wi-Fi. Kinaiomba kerneli itume data, nayo kerneli inajua namna ya kuongea na kijiti. Ule ujuzi wa kuongea na kifaa fulani ndio tunaouita draiva. Kerneli ina mamlaka yote ya kompyuta: inafikia kumbukumbu yote na vifaa vyote. Programu ya kawaida ikikosea, inaanguka peke yake. Kerneli ikikosea, kompyuta nzima inaganda.

Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza mradi wake tarehe 25 Agosti 1991. Kerneli aliyoiandika ilikuwa kipande kimoja kikubwa. Draiva zote zilikuwa ndani yake, zimeunganishwa tangu siku ya kukompaili. Ukinunua kifaa kipya, unachukua msimbo wa kerneli yote, unaongeza draiva, unakompaili upya, halafu unazima na kuwasha. Kwenye kompyuta za 386 za wakati ule, kukompaili kerneli ilikuwa kazi ya kuacha mashine na kwenda kufanya shughuli nyingine.

Mwezi Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit kule Amsterdam, mwandishi wa Minix, aliushambulia mpango huo hadharani. Kwake, kerneli ya kipande kimoja ilikuwa ni kurudi nyuma. Kerneli nzuri ilipaswa kuwa ndogo, na draiva zikae nje kama programu za kawaida, ili moja ikifa nyingine zisife. Torvalds alijibu kwa ukali. Kwa vitabu Tanenbaum alikuwa na hoja nzito. Lakini Linux ilikuwa inafanya kazi, tena kwa kasi, kwenye kompyuta ambazo watu walikuwa nazo nyumbani.

Mabishano hayo yanafundishwa mpaka leo kwenye madarasa ya sayansi ya kompyuta. Nakumbuka tulivyogawanyika darasani kama mashabiki wa Ingwe na Gor. Kisichosemwa sana ni kwamba tatizo la msingi lilipata suluhisho la katikati, na suluhisho hilo ndilo mada yetu.

MODULI ZINAINGIA

Wazo ni rahisi. Acha kerneli ibaki kipande kimoja, lakini iwe na njia ya kupokea kipande kingine wakati inaendelea kukimbia. Kipande hicho ndicho moduli. Ukikiingiza, kinakuwa sehemu ya kerneli kabisa, chenye mamlaka yale yale. Ukikitoa, kumbukumbu inarudishwa. Huhitaji kuzima mashine.

Linux haikubuni jambo hili. SunOS ilikuwa tayari na amri ya modload kwa kazi hiyo. Kwenye Linux, uwezo huu uliingia kabla hata ya toleo 1.0 la Machi 1994. Mwongozo wa zamani wa amri ya insmod unamtaja Bas Laarhoven kwa toleo la kwanza la Linux, kisha Jon Tombs, kisha Björn Ekwall aliyepanua kazi hiyo. Kuhusu aliyebuni wazo lenyewe, mwongozo unasema ni mtu asiyejulikana. Napenda sana sentensi hiyo. Kitu kinachotumika leo kwenye mamilioni ya kompyuta, na mwenye wazo hakuacha hata jina.

Mwanzoni kila kitu kilifanywa kwa mkono. Unaandika insmod na jina la faili. Kama moduli hiyo inategemea nyingine, unaingiza ile nyingine kwanza, na ukikosea mpangilio inakataa. Ndipo zikaja depmod, inayoandika orodha ya nani anamtegemea nani, na modprobe, inayosoma orodha hiyo na kuingiza zote kwa mpangilio sahihi. Toleo 2.0 la Juni 1996 lilikuja na kerneld, programu iliyokaa pembeni ikisubiri kerneli iombe moduli. Katika toleo 2.2 la Januari 1999, kazi hiyo ikahamishiwa ndani ya kerneli yenyewe kwa jina la kmod.

Toleo 2.6 la Desemba 2003 lilibadilisha mambo zaidi. Rusty Russell aliandika upya sehemu inayoingiza moduli, na faili za moduli zikaanza kuishia na .ko badala ya .o. Mwaka huo huo Greg Kroah-Hartman alileta udev. Siku hizi, ukichomeka kifaa, kinataja namba yake ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kerneli inapiga kelele, udev inasikia, modprobe inatafuta kwenye orodha moduli inayokubali namba hizo, na inaingizwa. Yote hayo kabla hujaondoa mkono kwenye tundu la USB.

Hilo ndilo jibu la swali la pili la senje. Simu ikigawa intaneti kwa USB, inajitambulisha kama kadi ya mtandao ya aina inayojulikana. Moduli kama rndis_host na cdc_ether zimo ndani ya mti rasmi wa msimbo wa kerneli, na huja na usambazaji mwingi wa Linux. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa simu ile kukutana na kompyuta ile, lakini moduli ilikuwa imekaa pale muda wote ikimsubiri mgeni.

KWETU KENYA: MODEMU ISIYO NA AKILI

Sasa turudi nyumbani, maana historia hii ina tawi linalotuhusu sana.

Intaneti ya umma ilifika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliokutana Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ni kati ya majina ya mwanzo. Mwaka 1998 ikaja Jambonet, uti wa mgongo wa intaneti wa shirika la simu. Njia ya mtu wa kawaida ilikuwa waya wa simu ya mezani na modemu, kasi ikiwa kilobiti 56 kwa sekunde kwenye karatasi na chini ya hapo kwenye maisha. Kwenye miji kama Kakamega, ambako mvua ya alasiri huja na radi zake, modemu iliyochomekwa kwenye waya wa simu ilikuwa ni kitu cha kuchomoa kila wingu linapotanda.

Modemu za mwanzo zilikuwa na akili yake. Zilikaa nje ya kompyuta kama kisanduku, zikiunganishwa kwa waya wa siriali, na Linux iliziendesha bila shida kwa sababu lugha yake ilikuwa ya wazi. Baadaye watengenezaji wakagundua njia ya kupunguza gharama: toa chipu ya kufanya hesabu, acha kazi hiyo ifanywe na prosesa ya kompyuta kupitia programu. Programu hiyo waliiandika kwa ajili ya Windows peke yake. Ndizo zilizoitwa winmodem, na ndizo zilizojaa kwenye kompyuta za bei nafuu, zikiwemo za mitumba.

Kwa hiyo kijana wa Kenya mwenye diski ya Linux mkononi alikuta kila kitu kinafanya kazi: skrini, kipanya, sauti. Modemu tu ndiyo iliyokataa. Na kupata suluhisho kulihitaji intaneti, ambayo ilihitaji modemu. Waliopitia hapo wanajua uchungu wake: kwenda saiba, kupakua faili kwenye diski laini, kurudi nyumbani, kukuta inakosekana faili nyingine, kurudi tena saiba.

Baadhi ya kampuni zilitoa draiva za Linux, lakini sehemu kubwa ilikuwa imefungwa, huwezi kuona msimbo wake. Watunzaji wa kerneli walikuwa na shida na jambo hili. Moduli ina mamlaka yote ya kerneli, kwa hiyo moduli iliyofungwa ikiharibu kumbukumbu, anayepokea lawama na ripoti za makosa ni mtunzaji ambaye hawezi hata kuusoma msimbo huo. Mwaka 2001, wakati wa mfululizo wa 2.4, wakaweka utaratibu: kila moduli itaje leseni yake. Ikiwa si leseni huria, kerneli inajiandika kuwa ina doa. Itaendelea kufanya kazi, lakini ukipeleka malalamiko, wataliona doa lile kwanza.

Mwezi Aprili 2004 ikazuka sakata moja inayofaa kukumbukwa. Kampuni ya Linuxant ilikuwa ikitoa draiva za Linux kwa modemu za aina hiyo hiyo ya winmodem. Katika sehemu ya leseni, moduli zake ziliandika GPL, kisha herufi ya sifuri, kisha maneno yaliyosema kwamba leseni hiyo ni kwa faili za folda fulani tu. Sasa, kerneli imeandikwa kwa lugha ya C, na katika C maneno yanaishia pale penye herufi ya sifuri. Kerneli ilisoma GPL ikasimama hapo, ikaridhika, ikaipokea moduli bila doa. Kampuni ilipoulizwa ilieleza kwamba ilitaka kuzuia maonyo yanayojirudia ambayo yaliwachanganya wateja wake. Watunzaji wa kerneli hawakufurahi, na mtu mmoja alipeleka kiraka cha kuzitambua moduli hizo na kuziwekea doa hata zikisema nini.

Naelewa pande zote mbili. Mteja aliyetaka tu modemu yake iite hakujali habari za doa. Lakini mfumo unaotegemea watu kusema ukweli kuhusu leseni yao hauwezi kuendelea kama ujanja wa herufi moja unaupita.

MODEMU INAYOJIFANYA SIDII

Tawi la pili ni la zama za USB. Mwaka 2008 Safaricom ilizindua huduma ya 3G, na modemu za USB zikawa ndiyo njia ya watu wengi nje ya Nairobi kupata intaneti nyumbani bila kusubiri waya wa simu. Mwezi Julai 2009 nyaya ya baharini ya SEACOM ilianza kazi kutoka Mombasa, na kasi ya nchi nzima ikabadilika. Ni miaka hiyo pia ambapo Masinde Muliro, iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, iliujaza mji huu wanafunzi, na saiba zikafuata wanafunzi.

Wakati huo huo Linux ilikuwa imeanza kusambaa kwa njia mpya. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma sidii bure kwa posta mpaka huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2011. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walikuwa wametoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kwa hiyo mtu angeweza kupata mfumo mzima bila senti. Kilichobaki ni modemu.

Modemu maarufu ya zama hizo, Huawei E220, ilikuwa na tabia ya ajabu. Ukiichomeka, haikujitambulisha kama modemu. Ilijitambulisha kama sidii! Ndani ya sidii hiyo kulikuwa na programu ya Windows. Windows ikishaisakinisha, programu ile inaiamuru modemu ibadilike iwe modemu. Kwa mtumiaji wa Windows ulikuwa ni urahisi mtupu. Kwenye Linux, moduli ya usb-storage iliona sidii, ikaikamata kwa furaha, na mambo yakaishia hapo.

Wenye subira walijifunza mstari mmoja ambao naamini bado uko kwenye daftari za mafundi wengi:

modprobe usbserial vendor=0x12d1 product=0x1003

Tafsiri yake: ewe kerneli, ingiza moduli ya siriali ya USB, na ukiona kifaa cha mtengenezaji 12d1 chenye namba ya bidhaa 1003, kichukulie kama waya wa siriali. Hapo ndipo kinatokea /dev/ttyUSB0, unaita wvdial, na intaneti inaingia. Baadaye Josua Dietze aliandika usb_modeswitch, inayotuma ile amri ya kubadilika, na namba za modemu nyingi zikaingizwa kwenye moduli iitwayo option ndani ya kerneli yenyewe. Taratibu ule mstari ukawa hauhitajiki. Mtu akichomeka modemu leo hajui hata kulikuwa na vita.

Angalia tofauti ya matawi haya mawili. Winmodem, msimbo wake ulifungwa, na nyingi zilikufa bila kupata draiva nzuri. Modemu za USB, watu walizielewa, wakaandika walichojua, kikaingizwa kwenye mti rasmi, na tatizo likafutika kwa kila mtu, hata kwa yule wa Kakamega asiyejua kuna tatizo.

KWA NINI JANA NDIYO, LEO HAPANA

Sasa tuko tayari kwa swali la kwanza la senje.

Moduli inakompailiwa kwa ajili ya kerneli moja maalum. Ndani yake kuna alama iitwayo vermagic inayotaja toleo. Moduli ya 6.8 haikubaliwi na kerneli ya 6.14, na kila kerneli ina folda yake chini ya /lib/modules. Ndiyo maana kurudi kwenye kerneli ya zamani kulituokoa asubuhi ile: folda ya 6.8 bado ilikuwa na moduli yangu ndani.

Pia, watunzaji wa kerneli hawaahidi kwamba miunganisho ya ndani itabaki vile vile. Greg Kroah-Hartman aliandika hati nzima ndani ya msimbo wa kerneli kueleza kwa nini hawataki kuahidi. Kwa ufupi: wanataka uhuru wa kurekebisha makosa ya zamani. Anayebadilisha kitu ana wajibu wa kurekebisha draiva zote zilizo ndani ya mti. Draiva iliyo nje ya mti ni yatima. Hakuna anayeikumbuka.

Miaka miwili iliyopita, draiva ya ndani ya kerneli kwa vijiti vya senje ilikuwa bado changa na ilikuwa ikikatakata. Nikapakua draiva ya nje, nikaandika make, kisha make install, nikaenda zangu. Sikutumia DKMS, mfumo ulioanzishwa na wahandisi wa Dell mwaka 2003 ambao hukompaili upya moduli za nje kila kerneli mpya inapoingia. Nilikuwa na haraka.

Jioni ile, pale saiba, nilijaribu kuikompaili draiva ile kwa ajili ya 6.14. Ikakataa, ikilia kwamba faili asm/unaligned.h haipo. Kweli haipo: katika toleo 6.12 la Novemba 2024 ilihamishiwa linux/unaligned.h. Draiva zote za ndani ya mti zilirekebishwa siku hiyo hiyo. Yangu, yatima, haikuambiwa.

Ningeweza kurekebisha mstari huo. Lakini kabla sijafanya hivyo nikajiuliza: kwa nini draiva ya ndani haikujitokeza yenyewe? Familia ya chipu hizi ilipata uwezo wa USB ndani ya kerneli tangu toleo 6.2 la Februari 2023, na imekuwa ikiboreshwa tangu hapo. Nikafungua folda ya /etc/modprobe.d. Humo nikakuta faili ndogo yenye neno blacklist na jina la draiva ya ndani. Niliiweka mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, ili draiva mbili zisigombane.

Kwa maneno mengine, senje, kerneli mpya ilikuwa na kila ilichohitaji kukihudumia kijiti chako. Ni mimi niliyeiacha na amri ya kutofungua mlango, halafu nikasahau.

Nilifuta faili ile, nikaiondoa na draiva yangu ya zamani, nikaandika modprobe na jina la moduli. Kijiti kikametameta. Nikarudia kwenye kompyuta tatu zilizobaki, nikaziwasha upya zote kwenye 6.14, na tukasubiri dakika 20 tukinywa chai kuona kama itakatika. Haikukatika.

KAMA UNATAKA KUJARIBU

Usiogope, amri zenyewe ni chache.

uname -r inakuambia unatumia kerneli gani. lsmod inaorodhesha moduli zilizomo sasa. lsusb inaonyesha namba za vifaa vilivyochomekwa. modinfo na jina la moduli inakuonyesha leseni yake, vermagic yake na vifaa inavyovikubali. modprobe na jina, ukiwa na mamlaka ya mkuu wa mfumo, inaingiza moduli pamoja na zile inazozitegemea, na modprobe -r inaitoa. Ukitaka iingie kila unapowasha kompyuta, andika jina lake kwenye faili ndani ya /etc/modules-load.d. Na kitu kikikataa, soma dmesg kabla ya kulalamika, kerneli husema shida iko wapi. Kama kompyuta yako inatumia Secure Boot, moduli ya nje isiyotiwa sahihi inaweza kukataliwa. Uwezo wa kukagua sahihi za moduli uliingia katika toleo 3.7 la Desemba 2012.

La muhimu kuliko amri zote ni mpangilio. Kwanza angalia kama draiva iko ndani ya kerneli. Ikiwa haipo, tumia ya nje kupitia DKMS. Na chochote unachozuia kwenye modprobe.d, andika tarehe na sababu kwenye faili hiyo hiyo. Alama ya # mwanzoni mwa mstari haigharimu kitu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa mstari mmoja, na ukuta nusura uangukie wanafunzi wa watu.

Nilipomaliza kumweleza senje yote haya, alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwa hiyo nisibonyeze tena masasisho?"

Bonyeza, senje. Safari hii nimeandika kila kitu.

Tuonane tena.